Mfumo Ukigoma: Namna ya Kuchagua Zana za Kusaka Hitilafu na Kutunza Logi

Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia leseni ya biashara, kibali au malipo ya ankara katika ofisi za Dodoma ameisikia kauli hii dirishani: "Mtandao uko chini, rudi baadaye." Tangu Serikali ihamishie shughuli zake hapa na huduma nyingi ziingizwe kwenye mifumo ya wavuti, kauli hiyo imekuwa jibu la kila jambo. Kompyuta ikichelewa, mtandao uko chini. Malipo yasipoonekana, mtandao uko chini. Ukurasa ukitoa maandishi yasiyoeleweka, lawama hiyo hiyo hutupiwa mtandao, hata pale ambapo mtandao upo na kilichogoma ni kitu kingine kabisa.

Mkanganyiko huu hauishii dirishani. Uko pia kwa wanaojenga mifumo yenyewe, wakiwemo vijana wengi wanaohitimu vyuoni hapa Dodoma na kuanza mara moja kuhudumia shule, SACCOS, zahanati na wafanyabiashara. Wakiulizwa kwa nini mfumo uligoma jana usiku, wengi wao hukosa jibu, kwa kuwa mfumo haukujengwa uache ushahidi wowote. Kisha huanza mabishano ya zana: huyu anasifia programu hii, yule anasifia ile, na mteja anaendelea kusubiri. Ninaamini mabishano hayo yanaanzia mahali pasipofaa. Zana huchaguliwa kwa kuangalia swali utakaloulizwa siku mfumo utakapogoma, na makala haya yanajaribu kuyapanga maswali hayo kuanzia mepesi hadi mazito.

Programu ya wavuti ni ile inayofikiwa kwa kivinjari, kama Chrome au Firefox, bila mtumiaji kuisakinisha kwenye simu au kompyuta yake. Kivinjari hutuma ombi. Seva, yaani kompyuta inayoendesha programu hiyo mahali fulani, hulipokea ombi, hutafuta taarifa kwenye kanzidata, yaani hifadhi iliyopangwa ya taarifa za mfumo, kisha hurudisha jibu. Kila jibu huja na namba ya tarakimu tatu ambayo mtumiaji wa kawaida huiona pale tu mambo yanapoharibika. Namba 200 maana yake ombi limeshughulikiwa vizuri. Zinazoanza na 4 huashiria kwamba kasoro iko kwenye ombi lenyewe: 404 ni ukurasa usiokuwepo, 403 ni mtu asiye na ruhusa. Zinazoanza na 5 huashiria kasoro upande wa seva: 500 ni programu iliyokwama ndani kwa ndani, wakati 502 na 504 hutolewa na seva ya mbele iliyopata jibu bovu, au iliyosubiri mno bila kujibiwa, kutoka kwa seva iliyo nyuma yake.

Hapo tayari dhana ya kwanza inaanguka. Skrini ikionyesha 500, mtandao kati ya mhudumu na seva upo, kwa sababu namba hiyo imetoka kwenye seva na imefika. Mtandao ukiwa umekatika kweli, kivinjari chenyewe ndicho husema kwamba kimeshindwa kuifikia seva, na hakuna namba ya aina hiyo itakayoonekana. Mhudumu akiijua tofauti hii moja tu, taarifa anayompa fundi itabadilika kutoka "mtandao hakuna" kuwa "naona 502 tangu saa nne asubuhi", na fundi ataanza kutafuta mahali panapostahili.

Daftari la getini

Karibu kila ofisi ya umma ina daftari la wageni getini. Mgeni huandika jina, anakotoka, anayemwendea, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Logi ni daftari la namna hiyo ambalo programu hujiandikia yenyewe: mstari baada ya mstari, kila mmoja na saa yake, ukieleza ni nini kimetokea. Dibaga (debugger), yaani programu ya kusakia hitilafu ndani ya programu nyingine, ni zana ya kazi nyingine. Kutumia dibaga ni kama kumfuata mgeni mmoja hatua kwa hatua, kumsimamisha kwenye kila mlango na kuangalia amebeba nini mkononi. Dibaga huonyesha mengi kuliko daftari, lakini inakutaka uwepo wakati mgeni anapita. Daftari huendelea kuandikwa hata ukiwa umelala. Thamani yake, hata hivyo, iko katika kilichoandikwa ndani, kwa maana daftari lililojaa mistari ya "Juma, binafsi, saa tatu" halimsaidii mtu anayetafuta ni nani aliyeingia chumba cha mafaili siku hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuchagua zana ni hili: je, hitilafu hii ninaweza kuirudia mbele yangu? Ukiweza kuirudia, tumia dibaga. Kama imetokea mara moja tu kwa mtumiaji aliye Kondoa, usiku, kwenye simu ambayo hujawahi kuishika, huna njia nyingine zaidi ya logi, na logi hiyo ilipaswa kuwa imeandikwa kabla hitilafu haijatokea.

Upande wa dibaga uchaguzi ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa zana nzuri nyingi ni za bure na baadhi umekwisha kuwa nazo. Bonyeza F12 kwenye Chrome au Firefox ya kompyuta na utafunguliwa sehemu inayoonyesha kila ombi lililotumwa, namba ya jibu lake, muda uliotumika, na makosa yote ya JavaScript, lugha inayoendeshwa ndani ya kivinjari, kwenye ukurasa. Anayeandika kwa lugha ya PHP ana Xdebug, iliyoanzishwa na Derick Rethans mwaka 2002. Anayeandika Python ana pdb, ambayo huja na Python yenyewe. Anayetumia Node, inayoendesha JavaScript kwenye seva, huanzisha programu yake kwa chaguo la --inspect kisha akaifuatilia kutoka kwenye Chrome au VS Code, programu ya kuandikia msimbo. Zote hufanya kazi kwa mtindo mmoja: unaweka alama kwenye mstari wa msimbo, yaani maagizo yanayounda programu, programu ikifika hapo inasimama, nawe unaangalia kila thamani iliyopo kwa wakati huo.

Wapo wanaowadharau wenzao wanaochapisha thamani kwenye skrini kwa print au console.log badala ya kutumia dibaga. Dharau hiyo haina msingi. Kuchapisha thamani ni njia halali na ya haraka pale unapojua takriban tatizo liko wapi. Ubaya wake huanza pale mistari hiyo inaposahaulika ndani ya msimbo na kupelekwa kwa watumiaji, ikichapisha nywila na namba za simu za watu mahali ambapo hakuna aliyepanga zihifadhiwe.

Kosa zito zaidi ni kuiacha hali ya majaribio ikiwa imewashwa kwenye mfumo unaotumiwa na umma. Katika Django, kiunzi cha kujengea programu za wavuti kwa Python, mpangilio huo ni DEBUG; katika Laravel, kiunzi cha PHP, ni APP_DEBUG. Ukiwa umewashwa, hitilafu ikitokea mtumiaji huonyeshwa ukurasa mrefu wenye vipande vya msimbo, majina ya mafaili, maswali yaliyopelekwa kwenye kanzidata na wakati mwingine mipangilio ya siri. Kwa msanidi, yaani mwandishi wa programu, ukurasa huo ni msaada mkubwa, na kwa mwizi ni msaada mkubwa zaidi. Vivyo hivyo, --inspect ya Node husikiliza kwenye anwani ya ndani ya kompyuta, bandari (mlango wa mawasiliano) namba 9229, na anayeifungulia bandari hiyo kwa dunia nzima amempa yeyote atakayeifikia uwezo wa kuendesha msimbo kwenye seva yake. Dibaga ni zana ya mezani kwako. Kwenye seva ya umma, funga maonyesho yote ya makosa kwa mtumiaji na uyaelekeze kwenye logi.

Mstari mmoja wa logi

Tuchukue mfano wa kubuni. Chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu kule Hombolo kina mfumo mdogo wa wavuti ambao wanachama huutumia kulipia pembejeo kwa simu. Mwanachama amelipa shilingi 35,000 saa mbili usiku, ujumbe wa muamala kukamilika umemfikia, fedha imetoka, lakini kwenye mfumo ankara yake bado inasomeka haijalipwa. Asubuhi anakuja ofisini akiwa na simu mkononi, na katibu wa chama anampigia msanidi.

Kilichopaswa kutokea ni kwamba kampuni ya simu, baada ya kupokea fedha, ilituma taarifa kwa seva ya chama, na seva ilipaswa kuiandika taarifa hiyo kwenye kanzidata na kujibu kwa 200. Msanidi anafungua logi. Akikuta mstari unaosema tu "Kuna tatizo", amekwama. Akikuta mstari huu, kazi imeisha nusu:

2025-03-14T17:04:31Z KOSA ombi=7f3a91 tukio=taarifa_ya_malipo ankara=4471 kiasi=35000 jibu=500 sababu="kanzidata haikujibu ndani ya sekunde 5"

Hapa kuna saa, uzito wa jambo, namba ya ombi, kitendo kilichokuwa kinafanyika, ankara inayohusika, na sababu. Namba ya ombi ndiyo wengi huisahau. Seva hushughulikia maombi mengi kwa wakati mmoja na mistari yao huchanganyikana; ukiliwekea kila ombi namba yake na kuiandika kwenye kila mstari unaolihusu, utaweza kuchambua safari nzima ya ombi moja kwa kutafuta 7f3a91 pekee. Zaidi ya hapo, unaweza kumwonyesha mtumiaji namba hiyo kwenye ukurasa wa kosa ili aitaje anapopiga simu.

Sasa tazama saa. Mwanachama amesema saa mbili usiku, kompyuta ya ofisini inasema 20:04, na logi inasema 17:04. Zote tatu ni sahihi. Herufi Z mwishoni inaonyesha kwamba seva imeandika saa ya UTC, yaani saa rejea ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, nasi katika mazungumzo tunahesabu saa za usiku kuanzia machweo. Anayesahau hatua mojawapo ataangalia sehemu isiyohusika kabisa, na mambo huwa mabaya zaidi panapokuwa na mpaka wa siku: tukio la saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi litasomeka kwenye logi kuwa ni la Ijumaa saa 23:00. Ushauri wangu ni kwamba logi ibaki kwenye UTC, kwa sababu huduma nyingi za nje nazo huandika hivyo, lakini katibu anayepokea malalamiko aandike kwa utaratibu wa saa 24 na aulize daima kama ni usiku au asubuhi. Jambo hili linaonekana dogo, ila limewapotezea watu muda mwingi wakikagua mistari isiyohusika.

Yapo pia maombi ambayo hayaonekani kwenye logi hata kidogo. Mtumiaji aliye Bahi anadai alibonyeza kitufe mara nyingi, na logi ya seva haina mstari wowote wake kwa saa hiyo. Hapo ndipo mtandao unapoweza kushukiwa kwa haki. Lakini kuna uwezekano mwingine wa kuondoa kwanza, nao ni JavaScript iliyokwama kwenye simu yake kabla ombi halijatumwa, kosa ambalo seva haina namna ya kulijua. Ndiyo sababu mfumo unaotumiwa sana kwenye simu unahitaji kipande cha msimbo kinachokusanya makosa ya kivinjari na kuyatuma kwenye seva simu inapopata mtandao.

Kuhusu uzito wa mambo, desturi ya kuyapanga kwa ngazi ni ya zamani. Syslog, utaratibu wa kuandika logi uliobuniwa na Eric Allman miaka ya 1980, ina ngazi nane kuanzia 0, ambayo ni ya dharura kubwa kabisa, hadi 7, ambayo ni ya maelezo ya kusakia hitilafu. Maktaba za kisasa za logi, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa tayari, hupunguza ngazi hizo; ile ya Python ina tano: DEBUG, INFO, WARNING, ERROR na CRITICAL. Anayeanza na Python ajue kwamba isipopangwa vinginevyo, maktaba hiyo huonyesha kuanzia WARNING kwenda juu, na wengi wamedhani logi zao za INFO zimeharibika wakati zimechujwa tu. Kanuni ninayoipendelea ni kwamba kosa ni lile linalohitaji mtu aamke alishughulikie. Mtumiaji aliyekosea nywila yake mara moja hajasababisha kosa la mfumo, na kumwandika kwenye ngazi ya kosa kunawafanya mafundi wazoee kupuuza makosa ya kweli.

Dhana kwamba usalama uko katika kuandika kila kitu ina madhara mawili. La kwanza ni diski. Faili la logi lisilodhibitiwa hukua hadi kujaza diski, na diski ikijaa kanzidata inashindwa kuandika, kwa hiyo mfumo unaangushwa na logi iliyowekwa kuulinda. Kwenye Linux kuna logrotate ya kukata na kubana mafaili ya zamani. Laravel huweza kuandika kwenye faili moja lisilo na mwisho, lakini mpangilio wake wa kila siku hufungua faili jipya kila siku na, usipobadilishwa, huhifadhi ya siku 14.

Madhara ya pili ni ya siri za watu. Mwezi Mei 2018 Twitter iliwashauri watumiaji wake milioni 330 wabadilishe nywila baada ya kugundua kwamba zilikuwa zikiandikwa wazi kwenye logi ya ndani. Mwezi Machi 2019 Facebook nayo ilikiri kuhifadhi nywila za mamia ya mamilioni ya watu zikisomeka wazi ndani ya mifumo yake. Kampuni hizo zina wahandisi wengi. Chama cha ushirika kina msanidi mmoja. Nywila, PIN, namba ya kitambulisho cha NIDA na maelezo ya ugonjwa visiandikwe kwenye logi kabisa. Panapohitajika kumtambua mtu, namba yake ya uanachama ndani ya mfumo inatosha, na namba ya simu ikilazimika kuwepo, tarakimu za katikati zifichwe. Maktaba kama Pino ya Node na Monolog ya PHP zina njia ya kufuta au kubadilisha sehemu fulani kabla mstari haujaandikwa, na kwangu mimi hicho ni kigezo cha kuchagua maktaba kuliko kasi yake.

Logi iende wapi

Baada ya kuandikwa, logi huhitaji mahali pa kukaa na namna ya kutafutwa, na hapa ndipo matangazo ya zana yanapowachanganya watu. Mfumo wenye seva moja hauhitaji zaidi ya mafaili yaliyopangwa vizuri, yenye mistari ya JSON, yaani muundo unaoandika kila taarifa pamoja na jina lake, ili kila sehemu iweze kutafutwa kwa jina lake, na amri chache za Linux. Ukiongeza huduma ya kukusanya makosa kama Sentry, iliyoanza mwaka 2008 ikiwa nyongeza ndogo ya Django, utapata taarifa kosa jipya linapotokea, na makosa yanayofanana yatawekwa kundi moja badala ya kukujazia barua pepe.

Seva zikiwa kadhaa, kufungua moja moja hakuwezekani tena, na inafaa logi zote zikusanywe mahali pamoja. Kundi la Elasticsearch, Logstash na Kibana hutafuta ndani ya maandishi yote kwa haraka, lakini linakula kumbukumbu ya kompyuta kwa kiasi ambacho seva ndogo ya kukodi haiwezi kukibeba. Loki ya Grafana, iliyotangazwa mwaka 2018, huorodhesha lebo tu, kama jina la seva au la programu, badala ya maandishi yote, kwa hiyo ni nyepesi zaidi ingawa utafutaji wake una mipaka. Huduma za kulipia hupunguza kazi, ila nyingi hutoza kwa dola kulingana na wingi wa logi, na timu inayolipwa kwa shilingi ipige hesabu hiyo kabla ya kujiunga. OpenTelemetry, mradi wa wazi wa kukusanya na kutuma logi na vipimo vya mfumo kwa namna moja, uliozaliwa mwaka 2019 kutokana na kuunganishwa kwa miradi ya OpenTracing na OpenCensus, unafaa kufahamika mapema kwa sababu hukuwezesha kubadilisha huduma bila kuandika upya msimbo wote.

Wanaohudumia taasisi za Tanzania wana swali jingine ambalo maelezo ya zana hayaligusi: logi hiyo inahifadhiwa nchi gani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti juu ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Anayetuma logi zenye majina na namba za simu za wanachama kwenye huduma iliyoko Ulaya au Marekani anasafirisha taarifa binafsi, hata kama yeye anaiona kazi hiyo kuwa ni ya kiufundi tu. Njia mbili zipo: kuzisafisha logi kabla hazijaondoka, au kuchagua zana unayoweza kuiendesha kwenye seva yako, kama Loki au toleo la Sentry la kujiendeshea mwenyewe.

Zana ya logi yenyewe pia ni programu, na inaweza kuwa mlango wa wavamizi. Mwezi Desemba 2021 ilitangazwa kasoro katika Log4j, maktaba ya logi inayotumiwa na mifumo mingi ya Java, ambayo ilimwezesha mtu kuendesha msimbo wake kwenye seva kwa kuifanya tu iandike maneno fulani kwenye logi. Ilipewa alama ya juu kabisa ya hatari, 10 kati ya 10. Kwa hiyo, kabla ya kuangalia uzuri wa skrini za zana, angalia kama inatunzwa, lini ilisasishwa mara ya mwisho, na kama timu yako ina mtu wa kuisasisha.

Kwa msanidi mmoja au wawili wanaohudumia chama, shule au duka, ningeanza na maktaba ya logi iliyozoeleka katika lugha yao, mistari ya JSON yenye namba ya ombi, logrotate, na zana moja ya kukusanya makosa, kisha ningesubiri mahitaji halisi kabla ya kuongeza kitu. Kabla ya kukabidhi mfumo, zimeni kanzidata kwenye seva ya majaribio, fanyeni malipo ya mfano, kisha mpeni logi mtu ambaye hakuandika msimbo huo. Aambiwe jambo moja tu, kwamba mteja amelalamika kuwa amelipa saa mbili usiku na ankara bado inasomeka haijalipwa. Akishindwa kuitaja ankara hiyo na sababu ya kukwama kwake, rekebisheni mistari ya logi kwanza, maana zana yoyote mtakayoinunua itaisoma mistari hiyo hiyo.